Tawi, Gazeti na Maneno ya Bibi: Namna ya Kuandikisha Mti Usioujua

Tawi la kwanza nililolipeleka Mlimani lilikuwa na majani matupu. Ilikuwa kabla ya Juni 2019, rambo hazijapigwa marufuku bado, basi nikalitia kwenye rambo nyeusi, nikabadili daladala njiani kutoka Chanika, na nilipofika Chuo Kikuu lilikuwa limelegea kama mchicha wa juzi. Mzee mmoja wa hebariamu, yaani ile maktaba ya mimea iliyokaushwa, hakunicheka. Aliniuliza mambo matatu tu. Ua lake liko wapi? Umelikata wapi hasa? Wenyeji wa hapo wanauitaje mti wenyewe? Sikuwa na jibu hata moja.

"Fundi," akasema, "umeniletea kisigino cha mtu, unataka nikutajie jina la baba yake."

Nimeandika haya ili wewe usiende na kisigino.

Mimi ni seremala wa Keko. Miaka ishirini na sita nachonga vitanda, makabati na meza za watu, na mbao nazitambua kwa pua na kwa sauti ya randa kabla sijazitazama vizuri. Ila ubao hauna majani. Mti ukifika Keko umeshakuwa futi na inchi, na jina lake ni la muuza mbao. Mkongo tunaoununua sisi, bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, anauita mbambakofi, na kwa miaka mingi nilimbishia kwamba hiyo ni miti miwili. Kumbe ni mmoja, Afzelia quanzensis. Yeye alikuwa anaujua ukiwa hai, mimi nilikuwa naujua ukiwa maiti.

Kazi bado ipo

Wengi wakinisikia huniuliza: mimea yote si imeshaandikwa na Wazungu? Kweli iko kazi kubwa iliyofanyika. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki kilianza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1952 kikakamilika 2012, miaka sitini nzima, kikiwa na aina zaidi ya 12,000. Lakini wino ulikuwa haujakauka sawasawa, mingine ikaanza kujitokeza. Mwaka 2019 ulitangazwa mti wa jamii ya mstafeli kutoka Amani, Usambara, ukaitwa Mischogyne iddii. Hilo "iddii" ni Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa palepale Amani. Mwaka huohuo, katika misitu ya vijiji kwenye milima ya Udzungwa, mtaalamu wa mimea Andrea Bianchi akiwa pamoja na Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, Watanzania wanaoijua misitu ile, walikutana na mti mrefu ambao haukuwemo kitabuni. Ulichapishwa rasmi 2025 kwa jina la Tessmannia princeps. Unafika mita 40, na makisio ya umri wa baadhi yake yanakwenda hadi miaka 3,000.

Mti wa mita 40 haujifichi. Huo si mdudu. Watu walikuwa wanapita chini yake siku zote, na msitu wenyewe ni wa kijiji.

Halafu iko iliyozikwa ikafufuka. Erythrina schliebenii, wenye maua mekundu, ndugu yake mwamba ngoma, uliandikwa mwaka 1998 kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya viumbe vilivyo hatarini, kwamba umetoweka duniani. Ulikuwa Kilwa, umesimama. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kuusaka mwaka 2011 waliukuta, na kwenye misitu ya kusini kulekule wakaukuta na Karomia gigas, mti mwingine ambao watu walikuwa wameshaukatia tamaa.

Wala usifikiri lazima uende Kilwa. Baphia puguensis na Millettia puguensis zimeitwa hivyo kwa sababu ya Pugu yetu hii, ya njia ya Chanika, ninayoipita kila asubuhi nikiwa nimebanwa mlangoni mwa daladala.

Kwanza mzee, halafu panga

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea zaidi yao. Wanakata tawi kwanza, kisha wanakwenda kuulizia jina. Geuza. Mtafute mwenye kuijua porini, ukae naye.

Nenda asubuhi. Shikamoo kwanza, habari za wagonjwa na za mashamba, sukari na majani ya chai umpe mjukuu ayapeleke ndani bila maneno mengi. Simu iache mfukoni. Siku ya kwanza unaweza usiulize mti hata mmoja, si hasara. Siku ya pili mwombe mtembee. Usimwonyeshe picha kwenye simu ukategemea jibu. Bibi yangu nilimwonyesha picha safi kabisa ya mti ulio nyuma ya choo chake, akaniambia hajauona maishani. Tulipoufikia alikwangua gome kwa ukucha, akanusa, akavunja jani akatazama utomvu, jina likamtoka kabla hajasimama vizuri. Wao hawasomi umbo peke yake. Wanasoma harufu, ukakasi, rangi ya gome la ndani, udongo mti uliposimama, na ndege anayekula matunda yake. Picha haina vitu hivyo.

Kosa langu kubwa lilikuwa swali. Nilimwuliza, "Bibi, huu si mjafari huu?" Akajibu, "Ndiyo, mjukuu wangu." Nikaandika mjafari. Miezi miwili baadaye namsikia anamtajia binamu yangu jina jingine kabisa la mti uleule. Nikamuuliza mbona mimi ulinikubalia? Akasema: "Nilikuona unautaka uwe mjafari."

Adabu yetu ndiyo hiyo. Mgeni habishiwi. Kwa hiyo swali liwe wazi: "Huu mnauitaje?" Nyamaza. Kama kuna jina zaidi ya moja, uliza lipi ni la Kizaramo, lipi la Kindengereko, lipi la Kiswahili cha mjini, na uandike lugha pembeni ya kila jina. Kisha umwulize mtu mwingine, siku nyingine, asiyekuwepo ulipomwuliza wa kwanza. Wakikubaliana watatu bila kusikiana, hilo ni jina. Wakitofautiana, andika yote vilevile usiyapatanishe wewe.

Majina yana mitego. Ukisema utupa, mmoja atakuonyesha kichaka cha jamii ya kunde, Tephrosia vogelii. Mwingine atakuonyesha mnyaa, Euphorbia tirucalli, ambao maziwa yake yakikuingia jichoni utajuta. Yote miwili imetumiwa kulevya samaki, ndiyo maana jina limefuata kazi. Mwarobaini nao umechukua jina la magonjwa arobaini wakati wenyewe ni mgeni kutoka Asia. Jina la kienyeji mara nyingi linakwambia mti unafanya nini. Nani ndugu yake, hilo ni swali jingine.

Baada ya jina, uliza haya, lakini kama mazungumzo, usiwe kama karani wa sensa: Unachanua lini, kabla ya majani au baada? Nani anakula matunda yake, watu, tumbili, popo? Unapenda wapi, bondeni au kwenye kichanga? Zamani ilikuwa mingi kuliko sasa? Sehemu gani hutumika, na unaitayarishaje?

Hilo la kutayarisha liandike neno kwa neno. Umelowekwa au umechemshwa? Maji ya moto au ya baridi? Usiku mmoja au siku tatu? Dawa mseto ya malaria tunayoimeza sote hapa mjini ina kitu kilichotoka kwenye mmea wa Kichina, Artemisia annua. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake walihangaika nao, wakawa wanapata dawa dhaifu, mpaka alipourudia mwandiko wa tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Mwandiko ule ulisema chukua konzi ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Haukusema chemsha. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa, akabadili njia akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Neno "loweka" lilikaa kwenye karatasi zaidi ya miaka 1,600 likimsubiri mtu wa kulizingatia. Na wa kusini wanalijua hili bila Nobel: ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu, lakini ukikikata, ukakiloweka na kukibadilishia maji inavyotakiwa, kinalisha watu mwaka wa njaa. Ukiandika tu "ndiga huliwa" umeandika kitu cha kuua mtu.

Wewe usionje. Hata kama mzee ameonja. Yeye ana miaka themanini ya kujua asichopaswa kuonja.

Lipo pia la ruhusa. Bibi yangu ana maneno yake mawili: "hili liandike" na "hili lisikie tu." La pili siliandiki, hata kwenye daftari la siri, maana daftari huibwa. Ukikutana na mganga itakuwa hivyohivyo zaidi, kwa sababu ile dawa ndiyo riziki yake. Mweleze mapema maandishi yatakwenda wapi, nani atayasoma, na kama anataka jina lake litajwe. Hii si hisani tu, dunia ilishakubaliana mwaka 2010 kwenye Itifaki ya Nagoya kwamba maarifa ya wenyeji kuhusu mimea hayachukuliwi bila idhini yao na faida inayotokana nayo inagawanywa. Na ukipata jibu kutoka kwa wataalamu, rudi ukamwambie. Nimekutana na mzee mmoja maeneo ya Maneromango aliyewahi kutembezwa msituni siku nne na watu wenye madaftari, hakupata hata salamu tena. Alinipa majina matatu ya uongo makusudi kabla hajaniamini, na simlaumu.

Kabla hujakata

Anza na shamba lenu, au la jirani baada ya kumwomba. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na kukata tawi mle bila kibali cha TFS, yaani Wakala wa Misitu, ni kosa hata kama nia yako ni safi kama theluji ya Kibo. Mlinzi haoni nia, anaona panga. Msitu wa kijiji nao una kamati yake, pita kwa mwenyekiti.

Kuna na vile vichaka vya makaburi ambavyo wazee wamekataza shoka. Usivipuuze kwa kuviona vidogo. Kenya, kwenye Kaya Ribe, msitu wa ibada wa Wamijikenda, kulipatikana kichaka cha jenasi mpya kabisa, yaani ukoo mpya wa mimea, ulioitwa Lukea na kutangazwa rasmi 2022, na ndugu yake akatambuliwa Udzungwa. Shoka lilikatazwa, mti ukabaki, sayansi ikaukuta. Lakini makaburini huingii bila mwenyewe, na kuna sehemu utaambiwa tazama kwa macho. Basi tazama kwa macho.

Hesabu. Kama unaona mimea michache tu ya aina hiyo, usikate kabisa, piga picha. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba nikiuona mmoja lazima nione mingine ishirini ndipo nitoe tawi. Wala usiung'oe mti mzima kwa tamaa. Wachimba dawa wazuri wa kwetu huchukua mzizi upande huu na upande ule, hurudishia udongo, na gome hawalizungushi shina lote, maana mti uliozungushwa gome hufa umesimama.

Picha: mti mzima na mtu kando yake, gome, tawi likionyesha majani yanavyokaa, jani mbele na nyuma, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda zima na lililopasuliwa. Weka futi yako ya kupimia ndani ya picha.

Halafu tawi lenyewe, sentimita 30 au 40, lenye ua au tunda, likiwa na vyote ni heri. Hapa ndipo ninapowasisitiza vijana: nenda mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, kwa sababu mti mmoja hautakungojea. Miti mingi ya pwani huchanua mvua ya vuli inapokaribia au inapoanza, Oktoba na Novemba. Muulize mzee, anajua tarehe ya mti kuliko simu yako. Kata matawi mawili au matatu yanayofanana kutoka mti uleule, moja litabaki hapa na mengine yanaweza kwenda hebariamu nyingine. Chukua pia vipande vya jani kidogo, vikunje kwenye karatasi ya majani ya chai, uvifukie ndani ya zile punje za silika zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Hizo ni kwa ajili ya vinasaba, na silika hukausha jani kabla halijaoza.

Na tazama unapoingia. Kijana aliyenisaidia mwaka jana aliegemea upupu akidhani ni mnjugu mwitu. Tulirudi Chanika anajipaka matope mgongoni, konda akatukatalia siti.

Kibanio, hapa nipo nyumbani

Watu wananunua vibanio vya mimea kwa hela nyingi na mimi nacheka. Karatasi ya hebariamu ni kama sentimita 42 kwa 28. Kwa hiyo fremu iwe 45 kwa 30. Chukua mapande ya paina yanayotupwa mtaani Keko, yapasue vipande vya upana wa sentimita tatu na unene wa moja. Vitano vya urefu, sita vya upana, vipange kama dirisha la wavu ukiacha nafasi, gundi na msumari mdogo kila vinapopishana. Usitumie plaiwudi nzima, haipitishi hewa na mmea utavunda. Pindisha ncha za misumari, piga msasa, maana gazeti likinasa litachanika. Fremu mbili kama hizo, na mikanda miwili ya begi bovu au kamba ya manila. Basi.

Katikati ni tabaka: kadibodi ya boksi, gazeti, mmea, gazeti, kadibodi. Gazeti letu la kawaida likikunjwa linavyouzwa linakaribia kipimo hichohicho cha karatasi ya hebariamu, kama vile walipanga. Ila lisiwe lile la karatasi ya kung'aa, halinywi maji.

Panga tawi kama unavyotaka lionekane miaka mia ijayo, kwa sababu ndivyo litakavyobaki. Jani moja ligeuze lionyeshe mgongo. Tawi refu likunje kama herufi V au N. Majani yakizidi punguza, lakini acha kikonyo ili ijulikane palikuwa na jani. Tunda nene lipasue. Na jihadhari na jani lililogawanyika: mara nyingi unachodhani ni majani kumi ni jani moja lenye vijani kumi. Tafuta jicho, lile chipukizi dogo kwapani. Jicho likiwepo, hapo ndipo jani linapoanzia. Mmea wa manyamanyama, wa jamii ya mshubiri, uchovye kwanza kwenye maji ya moto. Mimi niliwahi kubana mmoja mbichi, wiki ya pili nikafungua nikaukuta unatoa chipukizi ndani ya habari za michezo.

Kaza mikanda kwa goti.

Kukausha Dar

Vitabu vinasema weka mahali pakavu penye hewa. Hivyo vitabu havikuandikwa Aprili hapa kwetu. Mimea yangu kumi na moja ya kwanza iliota ukungu kwenye chumba changu Chanika wakati wa masika, na ile iliyosalimika ikaliwa na sisimizi. Nilipoteza pia kitu ambacho sitakipata tena, kwa sababu mmoja kati ya miti hiyo ulikatwa mwaka uliofuata.

Sasa nafanya hivi. Siku nne za mwanzo nabadili magazeti kila siku, asubuhi kabla ya kwenda Keko, na yale yenye unyevu nayaanika kwenye kamba niyatumie tena. Baada ya hapo kibanio nakisimamisha wima juu ya boksi la mbao lenye matundu, ndani yake balbu ya zamani, ile inayotoa joto, si hizi za kisasa. Joto la taratibu lipande kupitia mikunjo ya kadibodi. Balbu isiguse karatasi, na usiondoke nyumbani ikiwaka. Mimi nakaa na maranda, najua moto unavyoanza. Umeme ukikatika, jua la saa nne kibarazani linasaidia, ila usianike mmea wazi juani, utakunjamana.

Kujua umekauka, uguse shavuni. Ukiwa baridi, bado una maji. Ukiwa hauna baridi na tawi halipindi, umeiva.

Kikaratasi

Hapa ndipo penye uzito wote. Andika kwa penseli, wino unaondoka na jasho. Andika palepale msituni, usisubiri jioni. Mwanzoni niliandika "karibu na mwembe mkubwa". Mwembe ulikatwa wakachoma mkaa, na mahali pale pakapotea pamoja nao. Tumia latitudo na longitudo za simu, kisha ongeza maneno. Huu ni mfano kutoka daftari langu:

Na. 17. Tarehe 22 Novemba 2023.
Kisarawe, mkoa wa Pwani. Shamba la familia, mteremko wa kichanga, kando ya mihogo. (Latitudo na longitudo.)
Kichaka cha mita 2, matawi mengi kutoka chini. Jani likifikichwa linanukia. Mgongo wa jani una rangi ya kijivu. Ua zito, njano iliyofifia, linainama. Tunda bichi la kijani.
Jina: mtopetope (Kiswahili, watu watatu, waliulizwa mbalimbali).
Maelezo: tunda likiiva ni la njano, huliwa na watoto na ndege. Mzizi hutumika, msemaji hakutaka kueleza zaidi. Ipo mingi.
Msemaji amekubali kuandikwa, jina lisitajwe.

Mtopetope ni Annona senegalensis, unajulikana tangu zamani, hakuna ugunduzi hapo. Lakini angalia rangi ya ua na harufu: mmea ukikauka vyote viwili hupotea, ni wewe tu unayeviweka hai. Na usiache namba. Namba moja iwe kwenye kikaratasi, kwenye gazeti, kwenye picha na kwenye silika.

Upeleke wapi, na ungoje nini

Hebariamu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko idara ya botania, Mlimani. Piga simu au tuma barua kwanza, usitokee na mzigo. Arusha kuna hebariamu ya taifa. Kama jambo lako ni dawa, Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili. Usishangae mmea wako ukitiwa kwenye friji ya barafu siku kadhaa kabla ya kupokelewa, wanaua wadudu wasije wakala mali ya miaka mingi. Ukitaka haraka, pandisha picha kwenye iNaturalist, mtandao wa kutambua mimea na wanyama kwa picha, utapata watu wa kukusahihisha. Ila mmea adimu ufiche mahali pake. Nyanda za juu kusini watu wamechimba viazi vya okidi magunia kwa magunia, vinavushwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko. Ramani yako inaweza kuwa ramani ya mchimbaji.

Usingoje jina jipya. Mara tisini na tisa kati ya mia utaambiwa ni mti unaojulikana, na hilo pia ni faida: umethibitisha kwamba bado upo, mahali fulani, tarehe fulani. Huo mmoja uliobaki utachukua miaka. Ule wa Udzungwa ulionekana 2019, jina likatoka 2025. Lazima ulinganishwe na mikavu yote inayofanana nao, hapa na ng'ambo, tawi moja liteuliwe kuwa kielelezo cha kudumu, ndipo maelezo yachapishwe.

Kwenye daftari langu hivi sasa kuna Na. 31. Uko bondeni, nyuma ya shamba la marehemu mjomba, mti wa mita sita hivi, gome la ndani rangi ya nyama ya papai. Bibi aliusimamia muda mrefu. Akakwangua, akanusa, akavunja jani, akanusa tena. Nilinyamaza kama nilivyojifundisha. Mwisho akasema, "Huu siujui," kwa sauti ya mtu aliyeona mgeni sebuleni kwake. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na nimeanza kuamini kwamba neno hilo lina thamani kuliko majina yote aliyonipa, maana ili ulitamke lazima uwe unaijua mingine yote.

Inawezekana ni mti wa kawaida uliobebwa na ndege kutoka mbali. Sijapata ua, nina majani tu, yaani kisigino. Mahali pa jina nimeandika: "Bibi haujui." Amewaambia vijana wa kuni wasiuguse, na kuhakikisha amefunga kipande cha khanga yake kuukuu kwenye shina. Mvua ya vuli ikianza kunyesha Kisarawe atanipigia simu.